Mlango wa Juu wa Shangazi Mwanakombo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huijia akili yangu kila nipitapo mbele ya nyumba ya mawe. Ilikuwa karibu na masika, katika miaka ya hamsini, wakati Mwingereza bado yuko na mkonge bado una bei. Nilishuka basi la Tanga pale Pangani na sanduku langu la bati, nikauliza nyumba ya Shangazi Mwanakombo, dada wa marehemu baba yangu. Nikaonyeshwa uchochoro. Nilipoinua macho, kitu cha kwanza nilichokiona ni mlango.

Sisemi mlango wa mbele. Ule wa mbele ulikuwa wa nakshi, mzuri, kama mingine ya mji ule. Nasema mlango wa ghorofani, upande wa uchochoroni. Mlango kamili, una kizingiti na bawaba, na chini yake hapana ngazi wala roshani wala kitu chochote. Mtu angeufungua na kutoa mguu mmoja, angeangukia njiani juu ya vichwa vya watu.

Barazani palikuwa na wazee wamekaa, maana baraza ya nyumba ile ilikuwa ya kila mpita njia. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, nikashindwa kujizuia.

"Mbona ule mlango wa juu hauendi mahali?"

"Unakwenda," alinijibu mmoja wao. "Ila anayekwenda harudi."

Wenziwe wakacheka. Nami nikajua nimefika mahali ambapo nitakaa kidogo.

Nikwambie ukweli, mwanangu, kukaa hakukuwa kawaida yangu. Nilikuwa nimemaliza shule, nikapata kazi ya ukarani katika shamba moja la mkonge upande wa Pongwe, nikaiacha kabla sijaizoea. Baadaye nimeishi Mombasa, nimeishi Wete, nimeishi Moshi, nimelala Moa zaidi ya nilivyopanga. Hata sasa, ndevu zinaingia mvi nanyi mmeanza kuniamkia shikamoo, nikisikia honi ya basi moyo unauliza linakwenda wapi. Lakini mlango ule ulinikalisha. Nilitaka kujua.

Nikauliza. Mmoja akaniambia Mdachi, enzi zake, alikuwa akiwatupa pale wasiolipa kodi. Wa pili akasema hapana, ule ni mlango wa jini wa nyumba, apate kupita asisumbue watu ngazini. Wa tatu, mzee mpole mwenye kikohozi, akasema fundi alikosea vipimo, akaona haya kuubomoa. Kila mmoja alimsikiliza mwenziwe kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

Nilipomuuliza Shangazi mwenyewe alinitazama na upawa mkononi.

"Ni mlango," alisema. "Kula wali wako."

Huko ghorofani kwa ndani mlango ulikuwa umezibwa kwa kabati kubwa la nguo, na nyuma ya kabati umepigiliwa misumari. Shangazi hakupenda nisimame karibu na kabati lile. Kulikuwa na jambo jingine pia nililoliona, nikalishangaa bila kulifahamu. Alipokuwa akikuna nazi aliimba, kwa sauti ndogo:

*Mvua ikija ikibisha?*

Kisha hunyamaza. Mkono unakuna, mdomo kimya, kama mtu anayesubiri. Halafu:

*Ikibisha tena mara ya pili?*

Akanyamaza tena. Nilidhani amesahau maneno ya katikati. Nikamhurumia, nikaona ni uzee.

Sasa sikia shida iliyokuwapo. Nyumba ilikuwa inavuja. Nyumba za mawe za zamani hazikuezekwa kwa makuti. Juu ya chumba hulazwa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na kokoto, nayo hupigiliwa kwa vipande vya miti mpaka ishikane iwe kitu kimoja. Hiyo ndiyo sakafu ya juu. Ikipigiliwa vizuri, mvua huteleza ikaenda zake. Ikiachwa miaka bila kurudiwa hupasuka, na sakafu ya Shangazi ilikuwa na nyufa zinazoingia kidole.

Ami yangu Saidi, mdogo wao baba na Shangazi, alikuwa akiishi Usagara, Tanga, na alikuwa na sauti katika nyumba ile kama mrithi. Palikuwa na mfanyabiashara anayetaka kuinunua. Hakuitaka nyumba, alitaka mawe yake ajengee ghala. Ami alikuja siku ya pili tangu nifike, akakaa ukumbini na kofia yake gotini.

"Dada, sina ubaya nawe," alisema. "Lakini nyumba hii itakuangukia usiku watu wanione mimi sina akili. Masika haya ikivuja tena, nauza. Utakuja kukaa kwangu Usagara."

"Usagara kuna nini?"

"Kuna bati, dada. Halivuji."

"Nizaliwe chini ya sakafu ya babu yangu, nikazeeke chini ya bati kama kuku?"

"Kuku halowi," alisema Ami.

Shangazi alitaka kukasirika, akacheka. Lakini alipoondoka yule mdogo wake, alikaa pale pale hadi magharibi, amepeleka macho kwenye boriti.

Nikajitia kimbelembele. Nilikuwa kijana, nimesoma, na nilikuwa nimewaona vibarua wengi wakipangwa kazi. Nilisema moyoni, hili ni jambo la kukusanya watu tu. Tulipata fundi mwashi kutoka ng'ambo ya mto, Bweni. Akapanda juu, akashuka, akasema chokaa anayo, imeshazimwa kwa maji na imelala vya kutosha. Shida ni wapigaji.

"Nikiimwaga, haingoji," alisema. "Inataka watu wengi juu yake, wapige pamoja. Nitafutieni wanawake wenu kwanza, ndipo mniite."

Kazi ya kupigilia sakafu ilikuwa ya wanawake, hilo nililijua. Basi nilikwenda barazani baada ya sala, nikawaambia wazee kwa maneno mazuri, nikawaomba wawaambie wake zao na binti zao waje asubuhi. Wote waliitikia inshallah. Nikazunguka mtaani, mlango kwa mlango, nikiongea na waume. Nao wakaitikia. Nikamwambia fundi aje. Nikamwambia Shangazi apike uji wa watu wengi. Alinitazama kwa muda, akataka kusema neno, akaliacha. Akapika uji.

Asubuhi fundi alikuja. Uji ulikuwapo. Wanawake hawakuja. Hata mmoja.

Jua lilipanda, fundi akajifunika kofia usoni akalala barazani. Nilimkuta yule mzee wa kikohozi, nikamuuliza kulikoni.

"Nilimwambia mke wangu," alisema. "Akaniuliza tangu lini nimekuwa mama wa nyumba ile."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hajaitwa."

"Nimewaita mimi!"

"Wewe umetuita sisi," alisema, na akakohoa kwa raha. "Nasi tumekuja. Si unatuona tumekaa?"

Tuliula uji ule mpaka jioni.

Nilitaka kufahamu. Hasira niliiona baadaye, kwanza nilitaka kufahamu. Watu wazima, majirani, hawana ugomvi nasi ninaoujua, wanaacha nyumba ivuje kwa sababu ya namna walivyoitwa? Nikakumbuka kwamba kuna nyumba moja sikubisha hodi, nayo ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Nyumba ya ng'ambo ya uchochoro, uso kwa uso na ile yetu. Aliishi humo Bi Zaina na mabinti zake. Shangazi hakuwahi kumtaja.

Nilikwenda, nikabisha. Bi Zaina alikuwa mwanamke mrefu, mzee wa rika la Shangazi, ana pua ile ile ya baba yangu. Alinikaribisha juu, akanipa kahawa na kashata. Nilipokaa nikaona kitu kilichonifanya nisahau kahawa. Mbele yangu, kwenye ukuta wa uchochoroni, kulikuwa na mlango. Pacha wa mlango wetu. Na huu ulikuwa wazi. Wamefunga mti katikati ili watoto wasianguke, na upepo ulikuwa unaingia, na ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kurushiana embe, niliuona mlango wetu kwa nje, umefungwa, mbao zimechakaa.

"Sasa umeona," alisema Bi Zaina.

Ndipo akanieleza. Babu wa babu zetu alijenga nyumba mbili kwa binti zake wawili, na kati yake akajenga wikio, yaani njia ya juu, yenye kuta zake, iliyokatiza juu ya uchochoro, ili mabinti watembeleane bila kushuka njiani. Bi Zaina alikuwa wa ukoo wa binti mmoja, Shangazi wa ukoo wa mwingine. Na katika nyumba zile kulikuwa na desturi. Sakafu ya nyumba yoyote ya mtaa ule ikitaka kupigiliwa, mwanamke wa nyumba hiyo humjia mama wa nyumba yetu, naye husimama kwenye mlango wa juu akaita. Bi Zaina au mama yake huitikia ng'ambo. Huko kwake mwito hupita uani, nyumba kwa nyumba, mpaka mwisho wa mtaa. Mwanamke hakuitwa na mumewe kwenda kwenye sakafu. Aliitwa na nyumba.

"Wikio liko wapi?"

"Lilianguka masika moja, mimi na Mwanakombo bado vijana. Boriti zimeoza. Yeye akasema boriti zilikuwa za upande wetu, tuzitoe sisi. Nasi tukasema zilikuwa za kwenu."

"Zilikuwa za nani?"

"Za kwenu," alisema Bi Zaina.

"Ndiyo mkaacha kusemezana?"

"Yeye alipigilia misumari. Mimi sijapigilia kitu."

Nilitazama nje kwa mlango ule. Kutoka pale juu mtaa mzima ulionekana, na nikaona kile ambacho kwa chini sikukiona. Nyumba zote zilikuwa na bati. Bati juu ya kuta za mawe, moja baada ya nyingine, limefungwa kwa waya na mawe juu yake. Nilikuwa nimedhani ni kwa sababu bati ni la kisasa. Kumbe tangu mlango wetu ufungwe hakuna sakafu iliyopigiliwa mtaani, kwa kuwa hakuna aliyeita. Sakafu zikapasuka moja moja, kila mwenye nyumba akatafuta bati lake.

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye kuita, ningeita," alisema Bi Zaina, akinimiminia kahawa. "Kazi yangu ni kuitikia. Siwezi kuitikia mtu aliyenyamaza."

Nilirudi, nikamweleza Shangazi yote. Nilidhani nimemletea habari njema. Alikuwa anapeta mchele, akauweka ungo chini taratibu.

"Nani aliyekutuma?"

"Hakuna, Shangazi. Nilitaka kujua."

"Kujua." Aliniangalia kwa jicho ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa vizuri. "Umekuja hapa na sanduku lako, umegonga kila ukuta unauliza wa nani, umeuliza boriti zina umri gani, mlango ulichongwa na nani. Hukuniuliza hata mara moja mimi naona nini nikilitazama kabati lile. Mwanangu, nyumba si mawe ya kuuliza maswali ukaandika majibu. Mule ndani mna mtu. Uliza kwa upole, au kaa ungoje uambiwe."

Nilikwenda kukaa ngazini. Wingu lilikuwa linapanda upande wa bahari na upepo umegeuka. Kule jikoni alianza kukuna nazi. *Mvua ikija ikibisha?* Kimya. *Ikibisha tena mara ya pili?* Kimya. Safari hii sikudhani amesahau.

Alfajiri, baada ya kusali, aliniita.

"Lete nyundo. Ondoa kabati hili."

Lilikuwa zito, nikalisukuma kwa bega. Niling'oa misumari mmoja mmoja. Mlango ulikuwa umekwama kwa kutu, nikaupiga teke mara kadhaa, ukafunguka kwa kishindo, vumbi likashuka uchochoroni. Chini, wazee walioanza kukusanyika barazani waliinua nyuso zao. Shangazi alijitanda kanga vizuri, akashika kizingiti kwa mkono mmoja. Akavuta pumzi.

"Zaina!" Sauti ilimtoka ndogo. Akarudia. "Zaina we! Nyumba inaita!"

Tulingoja. Mzee wa kikohozi alizuia kikohozi chake. Nikamwona Shangazi anarudi nyuma hatua moja, na nikajua asipoitikiwa sasa hataita tena, na nyumba ile imekwisha.

Bi Zaina alitokeza kwenye mlango wa pili. Hakuwa na haraka. Alikuwa amekwisha kuvaa, tena amevaa kanga za kazi, amefunga kiuno.

"Nyumba inasikia," alisema.

Wakatazamana.

"Nilidhani umesahau njia," akaongeza.

"Njia mliiacha ikaanguka."

"Boriti zilikuwa zenu."

"Zenu, Zaina."

"Haya. Unataka tuje au tukae hapa tuhesabu boriti?"

Chini barazani watu walicheka mpaka fundi, aliyelala pale akingoja wapigaji, akaamka. Bi Zaina aligeuka akapiga ukelele kuelekea uani kwake, na nikausikia mwito unakwenda, sauti baada ya sauti, nyumba baada ya nyumba, mpaka ukawa mdogo mwisho wa mtaa. Uji haujachemka wanawake walikuwa wamejaa ngazini.

Wanaume tulipandisha ndoo za chokaa, tukaambiwa tushuke. Wanawake walisimama safu mbili zinatazamana, wa upande wetu na wa upande wa Bi Zaina, kila mmoja na kipande chake cha mti. Shangazi akaanza.

*Mvua ikija ikibisha?*

Na safu ya pili ikajibu, miti ikishuka pamoja:

*Ikute mwenyewe yupo.*

*Ikibisha tena mara ya pili?*

*Iteremke baharini.*

Mwanangu, nilikuwa nimekaa chini ya sakafu ile, mavumbi ya zamani yananiangukia kichwani, nikaona jinsi wimbo unavyofanya kazi. Safu moja ikiuliza hupiga, nyingine hupumua. Ikijibu hii, ile hupumua. Hapana pigo linalotangulia wala linalobaki, na chokaa inashikana kila mahali sawasawa. Wimbo wenyewe ulikuwa nusu katika nyumba hii na nusu katika nyumba ile. Shangazi alikuwa na maswali peke yake miaka yote, na aliyekuwa na majibu alikuwa ng'ambo ya uchochoro. Walipiga siku ile na siku zilizofuata, na kila wakipumzika walikaa wawili, Shangazi na Bi Zaina, wakibishana habari za boriti.

Masika yalikuja kwa nguvu. Ami Saidi alifika kutoka Tanga katikati ya mvua, amelowa, na uso wa mtu aliyekuja kumaliza jambo. Alipanda moja kwa moja chumba kilichokuwa kikivuja kuliko vyote. Akatazama juu. Akapapasa ukuta. Akatandika mkeka mahali pale pale palipokuwa na mabeseni, akajilaza chali angoje tone limwangukie. Tulimsikiliza kutoka ukumbini. Baada ya muda tulisikia anakoroma.

Alipoamka alikula, akauliza kama kuna samaki aliyebaki. Habari ya kuuza hakuitaja, siku ile wala baadaye. Wikio halikujengwa, maana boriti bado hazikupatiwa mwenyewe. Lakini ilifungwa kamba na kikapu kati ya milango miwili, na Ramadhani ile niliona futari ikipita juu ya vichwa vya watu, tambi zikienda, kaimati zikirudi.

Nami niliondoka, kama kawaida yangu.

Juzi nilirudi. Shangazi na Bi Zaina wametangulia mbele ya haki. Nyumba imesimama. Binti mmoja, mjukuu wa Bi Zaina, aliniambia kuna watu wamekuja kuitazama, wameupenda mlango wa mbele, wanataka kuununua waupeleke mbali.

"Na ule wa juu?" nikamuuliza.

"Ule hawakuuliza."

Nikamtazama, nikasema bila kuimba, maana sina sauti: Mvua ikija ikibisha? Alikuwa anafunga kamba ya kikapu. Hakugeuka hata kichwa.

"Ikute mwenyewe yupo," alisema.

Basi haya ndiyo ninayokuachia, mwanangu. Utapita mbele ya nyumba za kale, na watu watakwambia zina thamani kwa nakshi zake, au kwa umri wake, au kwa mkubwa fulani aliyelala humo. Sikiliza, si uongo. Lakini wewe uliza nyumba ile ilimwita nani, na nani alikuwa akiitikia. Ukikuta mlango unaokwenda hewani usicheke, na usikubali hadithi ya kwanza ya barazani. Ukitaka kuihifadhi nyumba, hifadhi na kazi yake: wafundishe binti zako na vijana wako namna ya kuirudia sakafu, na wimbo wake, swali na jibu. Na kama umegombana na jirani kwa boriti iliyooza, gombana, ila mlango usiupigilie misumari. Siku mvua itakapokuja utataka kuita, na kutu inakaza haraka. Na unapouliza, uliza kama mtu aliyeingia nyumba ya mtu, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Mwenyezi Mungu akujaalie sakafu isiyopitisha maji juu ya kichwa chako, na ng'ambo ya uchochoro wako akuwekee mtu wa kukuitikia. Amina.